Maharage Ndani ya Sufuria ya Mababu

Wanawake wengine waliolewa na walevi. Mimi niliolewa na mkusanyaji wa vyuma, na kwa miaka mingi sikuweza kuamua ni nani kati yetu aliyepata nafuu. Mlevi akirudi nyumbani Jumapili jioni, angalau anarudi mikono mitupu. Mume wangu alirudi akitembea mbele ya pusupusu iliyojaa vyuma, na msukumaji nyuma akihema.

Alikuwa mwalimu wa historia katika sekondari moja ya Ibanda, mjini Bukavu, mtu mpole, mwembamba, asiyeweza hata kumfukuza kuku jikoni. Tulikaa Nyawera katika nyumba za walimu: sebule tuliyoiita salon, vyumba viwili, na jiko nje chini ya bati. Salon ile ilikuwa na viti vinne na meza mpaka yeye alipoanza. Alikusanya vitu vya nyumbani vya chuma, lakini si kila chuma. Alitaka kile kizito, cheusi, kilichoyeyushwa kikamiminwa katika umbo, ambacho alikiita fonti kwa sauti ya kijana anayetaja jina la mchumba. Tulikuwa na pasi za makala, yaani makaa, zenye kijogoo kidogo cha kufungia mfuniko. Tulikuwa na mashine za kusagia kahawa ambazo hazikusaga. Tulikuwa na vyuma viwili vyenye vichwa vya mbwa, ambavyo Wabelgiji waliviweka ndani ya mahali pa moto ili kuni zisibingirike, na tulikuwa na chuma kingine cha kufutia matope ya viatu mlangoni, chenye umbo la mbwa mrefu mwenye miguu mifupi. Mtaani kwetu hakuna aliyeamini kwamba Mungu aliwahi kumwumba mbwa wa namna ile.

Ilikuwa miaka ya kwanza ya Zaïre. Tulikuwa tumevua majina ya ubatizo, wanaume wamevua tai na kuvaa abakosi, lile koti lisilotaka tai, na kila mtu aliambiwa arudi kwenye asili ya mababu zake. Maduka na mashamba ya wageni yaligawiwa wananchi, na majumba ya kule Muhumba, kando ya ziwa, yakapata wenyewe wapya. Hao wenyewe wapya walitupa nje kila kitu kilichonuka mzungu wa zamani, isipokuwa firiji. Mume wangu alikuwa akisimama nyuma ya ua, amevaa abakosi yake safi, akingoja. Kwa hiyo, wakati taifa zima lilipokuwa likirudi kwa mababu zake, yeye alikuwa akirudi kwa mababu wa Wabelgiji.

Majirani walimtafutia sababu. Kuna aliyesema anatengeneza bunduki. Kuna mama mmoja aliyesema kwamba mwalimu ana akili: anawatunzia Wazungu vitu vyao, na siku wakirudi yeye atakuwa wa kwanza kupewa kazi. Mwenyewe alisema ni historia. Mti unaoza, alisema, karatasi inaliwa na mchwa, lakini fonti haina haraka. Kila Jumamosi, baada ya salongo, ile kazi ya lazima ya kufagia mitaro ya mji, alitandika magazeti uani na kuvipaka vyuma vyake mafuta ya mawese dhidi ya kutu. Matokeo yake ni kwamba vitu vyote ndani ya salon yetu vilipata rangi nyekundu, vikanata, na sisimizi wa Nyawera nzima wakatuhamia. Nilivumilia. Akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Nisingekuwa na neno hata leo, kama asingefika jikoni kwangu.

Nilikuwa na sufuria. Nayo ilikuwa ya fonti, yenye miguu mitatu mifupi, tumbo kubwa, masikio mawili, na mfuniko ambao ukikuangukia mguuni unakumbuka dhambi zako zote. Mama yangu ndiye aliyenipa. Mama alikaa upande wa Walungu, karibu na lile lililokuwa shamba la miti ya kwinini, ambako baba yangu alibandua magome mpaka mgongo ukakataa. Nyumbani tuliiita tu sufuria ya madame, yaani mke wa mwenye shamba, na sisi watoto tulijua kwamba madame alimwachia mama walipokimbia mwaka wa uhuru. Mimi mwaka huo nilikuwa bwenini kwa masista, nilirudi likizo nikaikuta jikoni. Nilipoolewa, mama aliifunga ndani ya kikwembe, yaani kitenge chake, akaipandisha kwenye lori juu ya magunia ya mihogo, akaniambia, "Pika ndani yake, lakini usimupe mutu. Siku nitaulizia, niikute." Hakunipa mausia mengine yoyote ya ndoa, na kwa kweli sikuyahitaji.

Niliipenda ile sufuria, nasema wazi. Maharage yaliyowekwa ndani yake asubuhi, na makala machache tu chini, yaliiva polepole mpaka mchana bila kuungua na bila mtu kuyasimamia. Mwanamke mwenye mtoto mchanga mgongoni anajua thamani ya chombo kisichotaka kusimamiwa. Waume wengi hawana tabia hiyo.

Jumapili moja mume wangu aliingia jikoni kutafuta chumvi, akaiona imefudikizwa ikikauka. Aliniita kwa sauti ya mtu aliyekanyaga nyoka. Chini ya tumbo, kati ya miguu mitatu, kulikuwa na nyota ndogo na herufi ambazo mimi nilikuwa nimezisugua kwa majivu miaka yote bila kuzisoma. Akapiga magoti. Akasema huenda sufuria hii ni ya zamani kuliko mji wa Bukavu wenyewe, na kwamba alikuwa amezunguka Muhumba nzima akitafuta kitu ambacho kilikuwa kikichemsha maharage nyumbani kwake. Jioni hiyo sufuria yangu ilikuwa salon, juu ya kigoda, imepakwa mawese.

Asubuhi niliirudisha jikoni. Jioni akaichukua tena. Kwa juma zima ilisafiri, na kila safari tuliongea kidogo kuliko jana yake. Mwishowe tukafanya mapatano, maana heri nusu shari kuliko shari kamili: Jumatatu mpaka Jumamosi sufuria ni yangu na ya maharage, Jumapili baada ya misa ni yake na ya wageni. Wageni wenyewe walikuwa mmoja, mwalimu wa hesabu, mtu wa Shabunda, ambaye kila alipokaa kati ya vile vichwa vya mbwa aliuliza kama wanauma.

Ndipo ukaja mwaka wa maonyesho. Chama kilikuwa kimoja nchini, kwa hiyo hatukuwa na haja ya kukitaja jina, na kutoka kwenye chama ilishuka amri kwa prefe, yaani mkuu wa shule: siku ya sherehe, shule ionyeshe vitu vya mababu, na komiseri, mkubwa wa serikali kwetu, atakuja kuviangalia kwa macho yake. Prefe akawaagiza wanafunzi walete vya kwao. Walileta vikapu viwili, kigoda kilichokuwa kimeshapigiliwa misumari, na kibuyu cha kusukia maziwa ambacho bibi wa mwanafunzi alikuja kukichukua mwenyewe siku ileile, akisema kwamba ng'ombe hawezi kungoja sherehe. Mwalimu wa hesabu aliulizwa kuhusu vinyago vya babu yake, vile vya Walega ambavyo hata Wazungu walivililia. Akajibu kwa adabu kubwa kwamba vile vinaonwa tu na waliofundwa wakapitishwa mlango wake, na kwamba mtu akiviweka juu ya meza ili kila anayepita avichungulie, yeye mwalimu hataweza kuwajibika kwa afya ya mtu huyo. Prefe hakuuliza tena. Zilibaki meza ndefu, tupu, zimetandikwa vitambaa vya kijani. Ndipo akaikumbuka salon yetu.

Mume wangu alikataa. Namtolea ushahidi, alikataa kweli, na kwa siku chache alitembea kama mtu mwenye jino. Lakini prefe alimwambia neno ambalo hakuna mkusanyaji anayeweza kulishinda: kwamba watu wataviona. Baada ya hapo kilichobaki ni kuituliza dhamiri, na yeye, msomi, akaipatia dawa. Hatasema uongo. Atasema "inasemekana." Lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Basi chuma chake kimoja cha kupikia gofre, vile vikeki bapa vya Wabelgiji, chenye sahani mbili za miraba miraba na mikono mirefu, inasemekana kilitumika kupigia alama ngozi za ngao. Vichwa vya mbwa, inasemekana vililinda mlango wa mwami, mfalme wa kwetu. Pasi yenye jogoo, inasemekana wazee walibebea moto kutoka kijiji hadi kijiji, jambo ambalo, ukifikiri vizuri, lilikaribia ukweli. Mbwa mrefu wa kufutia matope alimshinda mume wangu. Alilala chini ya meza, kitambaa kikamfunika. Na katikati ya meza, juu ya kitambaa chekundu, iliwekwa sufuria yangu. Inasemekana wazee wa baraza waliapa wakiwa wameishika masikio.

Ilikuwa Jumapili, kwa hiyo kwa mapatano yetu ilikuwa haki yake. Nilimkumbusha tu kwamba Jumatatu asubuhi naitaka, maana maharage nilikuwa nimeshayaloweka. Tena mama alikuwa ametuma neno kwa dereva wa lori kwamba mwisho wa juma lile atashuka mjini kumwona mjukuu wake wa kwanza, na kwamba akifika aione sufuria. Aliitaja sufuria kabla ya mjukuu.

Komiseri alifika baada ya nyimbo na ngoma za kusifu. Alikuwa mtu wa mbali, wa kule mto mkubwa wa nchi unakoelekea, mnene, aliyezungumza Lingala na Kiswahili kidogo cha kijeshi. Nyuma yake alitembea mke wake, msichana wa upande wa Kabare aliyeolewa karibuni, amevaa vikwembe vitatu vya kitambaa kimoja, kimya. Komiseri aliangalia kila kitu akiwa ameweka mikono nyuma. Kwenye chuma cha gofre alisimama kwa muda, kisha akawaambia waliomzunguka kwamba haya ndiyo majibu kwa Wazungu wanaosema kuwa sisi hatukujua chuma. Watu wakapiga makofi. Mume wangu akakohoa. Mke wa komiseri aliinama, akakifungua kile chuma na kukifunga, akasonga mbele.

Kwenye sufuria, komiseri alinyanyua mfuniko, akagonga tumbo kwa pete yake, ikalia vizuri. Akasema kitu cha heshima namna hii hakifai kukaa kati ya wanafunzi wakivunje; kinafaa kukaa katika makazi rasmi, ambako wageni kutoka mji mkuu watakiona. Siku zile, mkubwa akisifu kitu chako, umeshakitoa; imebaki kukibeba tu. Prefe akamtazama mume wangu. Mume wangu akanitazama mimi, niliyesimama na mtoto mgongoni kati ya wake za walimu, ndani ya kikwembe chenye alama ya chama. Kisha akageuza macho, akasema, "Ni heshima kwetu." Mwenye nguvu mpishe. Komiseri akasema dereva wake ataipitia nyumbani kwetu kesho mchana, tukishaifuta vumbi.

Nyumbani sikupiga kelele. Nilimwuliza tu mama yangu nitamwambia nini. Akanijibu kwamba nichague chochote ndani ya salon nimpe mama badala yake, chochote, hata mbwa. Nikamwambia kwamba mama yangu hajawahi kupika maharage ndani ya mbwa. Halafu nililia, na haikuwa huzuni, ilikuwa hasira, hasira ya mtu aliyeona chombo chake kikitolewa na mwanamume mmoja kikipokewa na mwanamume mwingine, wote wawili wasiojua kinapikaje.

Jumatatu asubuhi ilikuwa zamu yangu, na maharage yalikuwa yameshavimba. Nikawasha mbabula, jiko letu la makala, nikaweka sufuria, kwa kuiaga. Nilikata vitunguu. Nikatia mawese, safari hii mahali yanapostahili. Na nikiwa nakoroga, mkono wenyewe ukaniambia la kufanya kabla ya kichwa.

Kwetu, chakula kikitoka nyumba hii kwenda nyumba ile, chombo hakimo katika zawadi. Chombo ni miguu ya chakula tu. Aliyepokea atakula, ataosha, na atarudisha chombo kwa mwenyewe, tena atarudisha na kitu ndani: viazi, chumvi kidogo, hata ndizi mbili. Mkono mtupu haulambwi, na chombo kikirudi kitupu ni sawa na kumwambia mwenzako asikukumbuke tena. Ama mwanamke anayekaa na chombo cha watu, huyo atasemwa sokoni, atasemwa kisimani, atasemwa mpaka kwenye matanga ya kwao. Na mambo haya hayana uhusiano na wanaume. Mwanamume hajui, kati ya sahani anazolia nyumbani kwake, ni zipi za nani. Nchi ilikuwa ya komiseri, sikatai. Vyombo vilikuwa vya mke wake.

Dereva alikuja mchana na jeep. Nilimpa sufuria imejaa maharage, inachemka, mfuniko umefungwa kwa kitambaa. Alisimama akaitazama. Akasema yeye ametumwa kitu cha maonyesho.

"Ni yenyewe," nikamwambia. "Mwambie maman, bibi ya komiseri, maharagi ni ya kwake. Iko moto, asikawie kuila."

Aliiweka kwenye kiti cha mbele, akaishikilia kwa mkono mmoja kila alipopiga kona. Jeep ilipanda barabara ikinuka vitunguu.

Mume wangu aliporudi kutoka shuleni, nikamweleza. Alikaa chini, kwa bahati mbaya juu ya mashine ya kahawa. Kisha akanifafanulia, kwa utaratibu wa mwalimu, nilichofanya: nimechukua sufuria ya kiapo ya mababu, iliyosifiwa hadharani na komiseri, nikaitia maharage. Nimedhihaki mababu, chama na serikali kwa mfuniko mmoja, na watu wamechukuliwa kwa makosa madogo kuliko hilo. Nilimwambia inasemekana wazee nao walikula. Hakucheka. Aliingia chumbani, akaweka ndani ya mfuko nguo ya kubadili, sabuni na kitabu, akauegemeza mfuko mlangoni, na tangu siku ile kila gari lililopunguza mwendo Nyawera lilikuwa linamjia yeye. Hata mafuta hakuvipaka vyuma vyake. Mimi pia niliogopa, sitajifanya shujaa. Ila mama yangu nilimwogopa zaidi ya komiseri.

Siku moja kabla ya mama kufika, jeep ilisimama mlangoni. Mume wangu akavaa viatu. Aliyeshuka alikuwa mke wa komiseri, peke yake, ameishika sufuria kwa masikio yote mawili, na dereva akimfuata nyuma na mikono iliyonyoshwa kama anayemngoja aanguke. Hakukubali kupokelewa mpaka aliponikabidhi mimi.

"Maman, sufuria yenu hii," alisema. "Mutusamehe, tulikawia nayo."

Ilikuwa imejaa mchele mpya wa Luberizi mpaka kwenye mfuniko. Nilimkaribisha, akaketi kati ya vichwa vya mbwa bila kushangaa. Tuliongea habari za mtoto, habari za mvua, habari za nyumbani kwao Kabare. Nilipoona haniambii, nikamwuliza kwa upole kama muzee hajatafuta kile kitu cha mababu.

"Alitafuta," akasema. "Nilimwambia mababu walitutumia maharagi, na chombo ya batu inarudia kwabo."

"Naye akasema nini?"

"Alikuwa amekula sahani mbili, maman. Angesema nini?"

Mume wangu wakati huo alikuwa amesimama mlangoni na mfuko wake mkononi. Yule mwanamke akamgeukia, akamsalimu kwa heshima zote anazopewa mwalimu, kisha akauliza habari za kile chuma cha ngao. Mama yake mzazi, alisema, alipikia Wazungu gofre kule Muhumba miaka mingi, na yeye tangu utotoni hajaonja nyingine tamu kama zile. Aliuliza kama mwalimu angeweza kuachana nacho. Sijawahi kumwona mume wangu akiachana na kitu kwa furaha kama ile. Alikifunga chuma ndani ya gazeti la chama, akamwelekeza namna ya kukipaka mawese kila Jumamosi, na mgeni wetu akasikiliza yote, akasema ahsante, lakini kwamba kwao walitumia mafuta ya nguruwe.

Mama alifika kesho yake, amekaa juu ya magunia ya lori, mgongo wima. Alimpokea mjukuu, akamtemea mate kidogo ya baraka kwenye paji, akamrudisha kwangu na kwenda moja kwa moja jikoni. Sufuria ilikuwepo. Aliizungusha, akaingiza mkono ndani, akapapasa, akaridhika. Ndipo akakubali kunywa chai.

Basi nikampa hadithi. Nilikuwa nimeitayarisha tangu jana, na niliisimulia kwa sauti za wote: prefe, komiseri, dereva, mwalimu na mfuko wake wa sabuni. Mume wangu alikaa pembeni akivumilia, na mahali pengine alinisahihisha. Mama alicheka nilipofika kwenye maharage, akapiga paja lake. Nilijisikia binti wa mama yangu kweli, mwanamke aliyemshinda mkubwa wa serikali kwa adabu tu. Nilipofika kwenye mchele, mama aliacha kucheka.

"Ilirudia na muchele ndani?"

"Ilijaa, mama."

Akashusha kikombe.

"Huyo mutoto wa Kabare alilelewa kunishinda," alisema.

Sikuelewa. Akaniambia basi, bila haraka, akiangalia nje. Alipomzaa mdogo wangu wa mwisho, damu ilikataa kukatika na alilala siku nyingi. Madame, ambaye miaka yote hiyo alikuwa akimsemesha kutoka dirishani tu, alikuja kwa miguu kupitia miti ya kwinini akiwa amebeba hii sufuria mwenyewe, imejaa supu ya kuku. Aliiweka kando ya kitanda, akamshika mama paji la uso, akaondoka. Mama alikunywa supu ile mpaka akasimama. Akaosha sufuria. Na hapo akakwama.

"Nilikuwa nawaza ya kutia ndani," alisema. "Utamupa muzungu nini? Mayai iko nayo. Viazi iko nabyo. Kila siku naangalia sufuria, nasema hapana, siwezi mupelekea kitu ya bule. Nikasema, ngoja maharagi mupya iive, nitajaza ile ya kwanza kabisa." Akakisogeza kikombe pembeni. "Mbele maharagi iive, uhuru ikafika. Asubuhi moja nilipita, mulango iko wazi, nyumba iko tupu. Miye sikupewaka ile sufuria. Nilikawia tu nayo."

Mume wangu alikuwa ameisoma nyota, amesoma herufi, ameikisia miaka. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusikia historia ya sufuria ile, na hakuchukua kalamu. Akauliza taratibu jina la madame lilikuwa nani. Mama akafikiri, akafikiri tena, akasema alikuwa Madame tu. Nilitaka kumwambia mama kwamba si kosa lake, kwamba watu walikimbia, kwamba Ubelgiji ni mbali. Maneno yote hayo yalikuwa ya kweli, na niliona haya kuyatoa mbele yake.

Niliinuka nikachota mchele wa yule mwanamke wa Kabare, nikauosha, nikaweka sufuria motoni. Mama alinifuata jikoni akaketi kwenye kibao, akinitazama.

"Weye," akasema, "ile ya kusema chombo ya mutu haibaki, na hairudi tupu, nani alikufundisha?"

"Ni weye, mama. Nikiwa likizo, mwaka ya uhuru. Ulikuwa unatuambia kila siku, mpaka tukachoka."

"Ndiyo," akasema. "Mwaka ile nilikuwa nawafundisha sana."

Kisha akauliza kama ndani ya nyumba kuna chumvi.